Maswali ya Wasomaji: Kahawa Inayokaangwa Mtaani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa kazi moja: wenye mikahawa midogo wanaokaanga kahawa yao wenyewe, au wanaotaka kuanza. Tunaposema "buni" humu tuna maana ya kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa lakini bado haijaona moto. Namba zote za joto ni nyuzi za Selsiasi, za kipimajoto kilichozama katikati ya punje, si kile cha hewa ya ngoma, yaani chombo cha chuma cha mashine kinachozunguka na kahawa.

Shikamooni. Nina mkahawa Tabata. Siku ya kawaida nauza vikombe sitini, na wapo wateja wanaobeba pakiti za robo kilo kwenda nazo nyumbani, kama 14 kwa wiki. Fundi ananishauri ninunue mashine ya kilo tano "nisije nikajuta baadaye". Nimsikilize?
*Mama wa mkahawa, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Mwambie fundi asubiri, kwanza tushike kalamu. Kikombe cha espreso mbili kinakula gramu 18. Vikombe 60 ni kilo 1 na gramu 80 kwa siku, yaani kilo 6 na nusu kwa siku sita. Pakiti 14 ni kilo 3 na nusu. Weka na kilo moja inayopotea kila wiki kwa kurekebisha mashine ya kusagia asubuhi, kuonja na kumwagika. Jumla kilo 11 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa ya rangi ya kati hupungua uzito kwa asilimia 14 hadi 17 ikiwa motoni, kwa hiyo gawanya 11 kwa 0.84: unahitaji buni kilo 13 hivi kwa wiki.

Sasa mashine. Usiijaze mpaka uzito ulioandikwa kwenye kibao chake. Asilimia 80 inatosha, la sivyo moto unashindwa na punje za katikati hazichanganyiki vizuri. Ya kilo moja itabeba gramu 800, kwa hiyo mikupuo 17, mkupuo mmoja ukiwa ni kahawa inayoingia ngomani kwa mara moja. Kila mkupuo unachukua dakika 12, na kama dakika tatu za kuirudisha ngoma kwenye joto lake, maana yake saa nne na robo za kusimama, ukiacha nusu saa ya kupasha. Ya kilo mbili itabeba kilo 1.6, mikupuo tisa, saa mbili na robo. Ya kilo tano itamaliza kwa mikupuo minne, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiunguza mkupuo mmoja wa kilo nne umepoteza karibu theluthi ya kahawa ya wiki. Tena mashine hiyo haikubali kidogo: chini ya kilo mbili hivi punje hazikifuniki kipimajoto, kinaanza kusoma hewa, na wewe unakaanga kwa kubahatisha.

Chukua ya kilo mbili, ukaange mara mbili kwa wiki. Kitu pekee ambacho mkahawa wa mtaa unacho na pakiti ya dukani haina ni kwamba kahawa yake ni ya juzi. Mashine kubwa itakushawishi ukaange ya mwezi mzima.

Kabla hujalipa, muulize fundi mkanda na beringi za ngoma ni saizi gani, kisha uende Gerezani uone kama zinapatikana. Beringi ya mbele hukaa kwenye joto kali na inataka grisi maalumu ya joto. Grisi ya kawaida huyeyuka ikaingia kwenye kahawa.

Ndugu wataalamu, kahawa yangu ikitoka kwenye ngoma rangi inapendeza kabisa. Ukiinywa unasikia majani mabichi, na ukali kama wa ndimu changa. Natumia mashine ya kilo moja ya gesi, buni ya Mbinga. Naiingiza ngoma ikiwa 220 na dakika ya saba nimemaliza. Nakosea wapi?
*Msomaji, Songea*

Kwenye hizo dakika saba. Umekaanga ngozi ya punje, kiini kimebaki. Saga kijiko kimoja, utandaze unga kando ya punje nzima: unga ukiwa mwepesi wa rangi kuliko punje, ndani hakujaiva. Angalia pia upande bapa wa punje. Bila shaka utakuta vidoa vyeusi vya duara, alama za chuma kilichokuwa na moto kupita kiasi wakati buni inaingia.

Jaribu hivi kwa gramu 800. Pasha ngoma nusu saa nzima, usitosheke na kipimajoto kufika tu, kwa kuwa chuma huchelewa kuliko hewa; mikahawa mingi inaharibu mkupuo wa kwanza wa siku kwa sababu hii. Ingiza buni ngoma ikisoma 190. Kipimajoto kitaanguka mpaka 90 hivi ndani ya dakika moja na robo, kisha kitageuka kupanda. Gesi iwe ya wastani. Dakika ya tano punje ziwe za manjano, joto karibu 150, na harufu iwe imetoka kwenye nyasi mbichi ikawa ya mkate ulio tanurini. Hapo makapi, ile ngozi nyembamba ya punje, yanaanza kubanduka, kwa hiyo ongeza feni.

Kuanzia manjano usitazame joto peke yake, hesabu limepanda nyuzi ngapi kwa kila dakika. Anza na 14 hivi, zipungue taratibu mpaka ziwe kama nane unapofika mlio wa kwanza, yaani punje zinapoanza kupasuka kwa sauti. Punguza gesi ukiwa 185, kabla ya mlio. Ukingoja usikie kwanza, punje zitakuwa zinatoa mvuke na joto kwa pamoja na kahawa itakukimbia.

Mlio wa kwanza huja dakika ya tisa, joto likiwa kati ya 196 na 200, unasikika kama bisi kwenye sufuria yenye mfuniko. Usianze kuhesabu kwa ile punje moja yenye haraka; anza pale zinapofuatana. Kahawa ya kuchuja itoe sekunde 90 hadi 110 baadaye. Ya espreso iache dakika mbili hadi mbili na nusu, utoe ikiwa 210 mpaka 214. Sinia la kupozea liifikishe kwenye joto la mkono ndani ya dakika nne.

Lakini usikimbie upande wa pili. Anayeogopa kuunguza hupunguza gesi mpaka joto linakwama, nyuzi mbili kwa dakika au chini ya hapo, na kahawa huokwa badala ya kukaangwa. Hiyo haionekani kwa macho. Rangi ni nzuri, majani mabichi hakuna, utamu nao hakuna, imebaki ladha ya mkate mkavu. Wengi wanaotuandikia kwamba kahawa yao "haina kitu" wako hapa.

Nunua mizani na daftari kabla ya kununua kompyuta. Andika uzito wa kuingiza na wa kutoa. Gramu 800 zikirudi 710, ndani mbichi, hata kama rangi inakudanganya. Zikirudi kati ya 670 na 685 uko mahali pazuri. Zikirudi 640 umekaanga giza. Mizani haihongwi.

Kesho yake onja. Weka gramu 11 za kahawa iliyosagwa nusu-nene kwenye bilauri, mimina mililita 200 za maji ya moto, dakika ya nne vunja utando wa juu kwa kijiko ukiwa umeinamisha pua, ondoa povu, subiri ipoe mpaka dakika ya kumi, kisha uivute kwa kijiko kwa mlio. Onja tena ikiwa vuguvugu. Kasoro nyingi hujificha kahawa ikiwa ya moto.

Assalaam aleikum. Mimi nauza kahawa tungu Majengo, Mombasa. Buni nakaanga mwenyewe kwa karai juu ya makaa, kilo mbili kwa mara. Yatoka nyengine nyeusi tii, nyengine hudhurungi, na wateja walalama yanuka moshi.
*Muuza kahawa, Mombasa*

Waaleikum salaam. Kilo mbili ni nyingi mno kwa karai. Za chini zinaungua, za juu zinapikwa na mvuke wa wenzao. Kwa karai zito la upana wa sentimita 40 tia nusu kilo, zisizidi tabaka mbili za punje. Kabla ya yote toa chengachenga na punje zilizovunjika, maana vipande vyembamba huwa mkaa wakati punje nzima bado ni manjano.

Moshi unaolalamikiwa hautoki kwenye kahawa. Unatoka kwenye makaa ambayo hayajashika, na kwenye makapi yanayoungua ndani ya karai. Subiri makaa yawe mekundu yenye jivu jeupe. Geuza kwa mwiko kuanzia chini, bila kusimama hata nusu dakika, na katikati ya kazi ondoa karai motoni mara moja upepete makapi.

Dakika 15 hadi 18 zatosha. Kahawa tungu inataka weusi, kwa hiyo pita mlio wa kwanza, kutakuwa na kimya, kisha utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka kama vijiti vikavu. Hesabu sekunde 20 au 30 uondoe. Usiiache ndani ya karai. Chuma kina joto lake na kitaendelea kuipika. Mimina kwenye ungo mpana, peleka kwenye ungo wa pili, rudisha, mbele ya upepo au feni. Wako wanaoifunika kwa gunia "ishike harufu". Inatoka jasho, inaendelea kuiva, na uchungu wake unageuka wa masizi. Maji pia usinyunyize.

Ilaze usiku mmoja ndipo utwange. Kwenye mdila, lile birika la kahawa, tia gramu 60 hadi 70 kwa lita. Tangawizi iliyopondwa ianze na maji, kahawa iingie yakichemka, moto mdogo dakika tano, na iliki mwisho kabisa kwani harufu yake haivumilii mchemko mrefu.

Je, AA ndiyo kahawa tamu kuliko zote? Mbona bei yake iko juu?
*Mwanafunzi wa chuo, Morogoro*

AA ni jina la saizi. Ni punje zinazobaki juu ya chekeche la namba 18, lenye matundu ya milimita 7.1. Saizi kubwa hupendwa kwa sababu punje zilizolingana huiva pamoja, na hilo kweli lina thamani, ila kahawa ya daraja B iliyochumwa ikiwa nyekundu itaishinda AA iliyochumwa ovyo. PB ni zile punje za duara, moja tu ndani ya tunda badala ya mbili. Zikaange peke yake. Kwenye ngoma huviringika tofauti na huiva kwa mwendo wake.

Nina mkahawa Bukoba na ninajivunia robusta ya kwetu. Wageni kutoka Dar wananiambia robusta si kahawa, ina ladha ya udongo na mpira. Nibadilishe?
*Msomaji, Bukoba*

Usibadilishe kahawa, badilisha unakoinunua. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na sukari kidogo, kwa hiyo uchungu wake ni wa asili na hautaondoka. Ule udongo, lakini, si wa asili. Unatoka kwenye maganda yaliyoanikwa chini, yakalala na umande, yakashika ukungu. Ukipata iliyoanikwa juu ya vichanja au turubai, ikageuzwa, utakuta ladha ya karanga na kakao.

Kuna jambo jingine unalolijua vizuri kuliko sisi: butura. Anayenunua kahawa ingali maua huivuna kwa haraka, mbivu na mbichi pamoja. Mbali na kumnyonya mkulima, na ndiyo maana imepigwa marufuku, kikombe kinaumia. Punje za tunda bichi hazipati rangi. Baada ya kukaanga hubaki za rangi ya karanga katikati ya wenzao. Chache tu zinatosha kuleta ladha ya makaratasi. Nunua kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, omba sampuli ya gramu 350, hesabu nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika, kisha kaanga gramu 100 uhesabu hizo za karanga. Muuzaji mzuri haogopi kuhesabiwa.

Kukaanga: ingiza kwa joto la chini kidogo, 175 hadi 180, na uipe dakika sita kufika manjano. Makapi yake ni mengi kwa kuwa imekaushwa na ganda lake, safisha pipa la kunasia makapi mara mbili zaidi. Mlio wa kwanza wa robusta ni mdogo. Tumia kipimajoto na pua, usisubiri kelele.

Kwa espreso, robusta asilimia 15 hadi 25 na arabika inayobaki inatoa povu zito na mwili. Kila moja ikaangwe mbali, uchanganye zikishapoa. Na hao wageni wapelekee kahawa ya kutafuna, ile akamwani inayochemshwa na majani yake. Wahaya walikuwa wanaitafuna robusta kabla mtu yeyote hajaleta mashine ya espreso kumfundisha nini ni kahawa.

Magunia yangu ya buni yamekaa miezi minne hapa Tanga. Punje zilikuwa za kijani kama bahari, sasa zimepauka na kahawa inanuka gunia.
*Mwenye mkahawa, Tanga*

Unyevu wa pwani. Buni inatakiwa iwe na maji asilimia 10 hadi 12. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu inayanywa mpaka ilingane nayo. Ikipita 13 inapauka, na mbele kidogo ukungu huanza. Kama huna kipima unyevu, tumia mizani: gunia la kilo 60 lililofika na asilimia 11, siku likisoma kilo 61 na nusu limekunywa lita moja na nusu ya maji, na sasa liko juu ya 13. Pima kila Jumatatu.

Hamishia buni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ile ya kuhifadhia mahindi, ifunge kwa kusokota na kukunja, kisha juu yake gunia la kawaida. Weka kwenye chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani. Isikae na sabuni, mafuta ya taa wala vitunguu. Zaidi ya yote, nunua ya wiki sita, si ya msimu mzima. Hiyo iliyokwisha kupauka haitarudi. Itumie kwenye kahawa ya maziwa, ikaangwe giza zaidi kidogo, imalizwe.

Jirani wa ghorofa ya pili amenishitaki kwa balozi kwa ajili ya moshi. Nifanyeje? Na juzi makapi yaliwaka moto ndani ya bomba, nikashikwa na hofu.
*Msomaji, Kinondoni*

Jirani ana haki. Bomba lako lipande mita moja juu ya paa lililo karibu zaidi, si kutokea dirishani. Kona zisizidi mbili, na kila kona iwe na kifuniko cha kufungua kwa kusafishia. Moshi mzito hutoka dakika mbili za mwisho, na kahawa iliyopita mlio wa pili hutoa mara nyingi zaidi ya ile ya kati. Ukikaanga rangi ya kati, saa tatu asubuhi watu wakiwa kazini, malalamiko mengi yatajifia yenyewe. Mpelekee na robo kilo.

Moto ni habari nyingine. Makapi ni makavu kama karatasi na mafuta ya moshi hugandia ndani ya bomba kama lami. Mwaga makapi kila baada ya mikupuo minne, ndoo iwe ya chuma na ikae nje, kwa kuwa huweza kuwaka baadaye yenyewe kutokana na cheche iliyojificha. Bomba likwangue kila mwezi ukikaanga kilo 13 kwa wiki. Feni ikianza kuvuta kwa unyonge na makapi yakibaki ndani ya ngoma, bomba limeziba tayari.

Moto ukiwaka ndani ya ngoma: funga gesi, zima feni ya hewa, acha ngoma izunguke, na usifungue mlango. Kila mtu hutamani kuzimwaga punje kwenye sinia. Pale zinakutana na hewa na moto unakuwa wa chumba. Kizimamoto cha gesi ya kaboni hakichafui mashine, cha unga kinaichafua, lakini chochote ulicho nacho kikae karibu na mlango wa kutokea, si nyuma ya mashine.

Kitabu cha mashine kinasema nichuje kahawa kwa maji ya nyuzi 96. Kipimajoto changu hakifiki hapo hata birika likichemka. Kimeharibika?
*Msomaji, Njombe*

Kizima kabisa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Mimina moja kwa moja yanapochemka, pasha kichujio na kikombe kwanza, na usage laini kidogo zaidi.

Kahawa ya leo leo kwenye espreso inatoa povu jingi linalozimika, na ladha ni kali. Ya wiki iliyopita ni tamu. Si tunaambiwa iliyokaangwa karibuni ndiyo bora?
*Barista, Arusha*

Kukaanga huacha gesi ya kaboni ndani ya punje. Siku za mwanzo inatoka kwa fujo, inasukuma maji, na maji hayashiki kahawa sawasawa. Ya kuchuja ipe siku tatu hadi tano, ya espreso saba hadi kumi. Hesabu siku kuanzia kukaanga, na siku hiyo iandikwe kwenye pakiti. Tarehe ya kuisha haimwambii mteja kitu. Mfuko uwe na kile kitundu cha kutolea gesi, maana ukiufunga bila tundu siku ya kwanza utavimba upasuke mshono. Baada ya wiki nne au tano ladha inaanza kuzeeka, na kahawa iliyokwisha kusagwa haifiki hata hapo. Friji ya jikoni isahau: ina unyevu na ina samaki.

Ukilazimika kutumia ya leo kwa kuchuja, lowesha kahawa kwa maji mara mbili ya uzito wake, ngoja sekunde 45 itoe mapovu, ndipo uendelee. Kwa espreso hakuna ujanja.

Nimeambiwa bei ya kahawa iliyokaangwa ni kuzidisha bei ya buni mara mbili. Ni kweli?
*Msomaji, Dodoma*

Ni uvivu tu. Tuseme buni ni shilingi 12,000 kwa kilo. Kuchambua kunaondoa asilimia 3, moto unaondoa 16: 12,000 gawanya kwa 0.97, kisha kwa 0.84, unapata 14,700 hivi. Kikombe cha gramu 18 kina kahawa ya shilingi 265. Ukitupa mkupuo mmoja kati ya kumi kinafika kama 295. Sasa weka mililita 150 za maziwa ya shilingi 2,500 kwa lita: hizo ni 375. Maziwa ya kapuchino yamekuzidi kahawa yenyewe, kwa hiyo kubana senti kwa kununua buni duni ni kubana mahali pasipo na fedha. Gesi pima mtungi kabla na baada ya mikupuo kumi ugawanye. Pakiti za kuuza zibebe gharama ya mfuko, lebo na muda wako wa kukaanga, na kabla hujazisambaza madukani uliza Bodi ya Kahawa, Moshi, juu ya leseni, na TBS, Shirika la Viwango, juu ya alama ya ubora.

Umeme ukikatika kahawa ikiwa ndani?
*Msomaji, Kigoma*

Funga gesi kwenye mtungi kwa mkono, hata kama mashine ina vali inayojifunga. Ngoma iliyosimama juu ya chuma cha moto inaunguza punje za chini ndani ya sekunde chache, kwa hiyo izungushe kwa mkono kupitia puli, ukiwa na glavu, huku mwenzako anafungua mlango. Punje zikiwa zimepita mlio wa kwanza zimwage, zigeuze kwa mwiko, uzipepete kwa ungo. Mara nyingi zinanyweka. Zikiwa bado manjano au kahawia nyepesi, zitoe lakini usizirudishe umeme ukija. Zilishapoteza maji yake na zitatoka bapa, bila ladha.

Betri na inveta si anasa kwa kazi hii. Soma wati kwenye vibao vya mota ya ngoma, ya feni na ya sinia, zijumlishe, zidisha kwa tatu, kwa sababu mota ikiwaka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Dakika kumi na tano za umeme zinatosha kumaliza mkupuo na kuupoza. Inveta isiunganishwe na friji.